Mifupa Michache Yatoa Habari Kubwa

Ndugu msomaji, siku utakapochinja kuku, usitupe mifupa yote. Weka kando bawa moja na mguu mmoja. Vitatusaidia katika makala hii.

Mimi ni bwana shamba. Watu huniuliza habari za mbegu, mbolea na mdondo wa kuku. Siku moja nilimkuta mama mmoja akinyonyoa kuku aliyelowekwa katika maji ya moto. Manyoya ya kifuani yalitoka kwa urahisi. Alipofika kwenye bawa, kazi ikawa ngumu. Ilimbidi avute kwa nguvu unyoya mmoja mmoja.

Akaniuliza, "Bwana shamba, haya ya bawa yameshikwa na nini? Mbona yamekaza hivi?"

Nilimjibu, "Mama, hayo ndiyo ya kurukia. Yameshikwa kwenye mfupa."

Swali lake lilikuwa zuri kuliko tulivyodhani siku ile. Wataalamu wa Marekani na Madagaska walipata jibu la jambo kubwa kwa kutazama mahali unyoya unaposhikamana na mfupa. Waligundua habari za mnyama aliyekufa zamani sana. Walikuwa na mifupa michache tu, tena bila kichwa.

Wanyama wa kale

Zamani, kabla binadamu hajaonekana duniani, waliishi wanyama wanaoitwa dinosaria. Wengine walikuwa wakubwa kuliko tembo. Hao ndio tunaowasikia mara kwa mara. Lakini wengine walikuwa wadogo kama kuku. Na baadhi ya hao wadogo walikuwa na manyoya mwilini.

Mnyama tunayemzungumzia aliishi kama miaka milioni 70 iliyopita. Hiyo ni miaka mingapi? Chukua debe la mtama. Toa punje moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kulala wala kula. Ili utoe punje milioni 70, itakubidi ukae hapo miaka miwili na zaidi ya miezi miwili. Na kila punje ni mwaka mmoja.

Mifupa yake imewezaje kudumu hivyo? Mara nyingi mnyama akifa, mifupa yake huliwa na fisi, au huoza juani na mvuani. Lakini mara chache hufunikwa na matope upesi. Maji ya chini ya ardhi hupenya ndani ya mifupa, yakiacha madini yake humo. Baada ya muda mrefu sana mifupa huwa mizito na migumu kama jiwe. Mifupa ya namna hiyo huitwa visukuku.

Vilima vya Berivotra

Mifupa hiyo ilipatikana Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Kaskazini-magharibi ya kisiwa hicho kuna mji wa bandari uitwao Mahajanga. Ukitoka bandarini kuingia bara, unafika kijiji cha Berivotra. Ni nchi ya vilima, majani makavu na udongo uliomomonyoka.

Watu wa elimu walijua habari za mifupa ya eneo hilo tangu zamani. Mwaka 1895 ofisa mmoja wa jeshi la Ufaransa aliokota vipande vya mifupa na kuvipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Charles Depéret aliandika habari zake. Kisha miaka karibu mia moja ikapita bila kazi kubwa kufanyika.

Mwaka 1993 kundi jipya lilianza kazi. Kiongozi wake alikuwa David Krause, mwalimu wa chuo kikuu huko New York, Marekani. Alishirikiana na Chuo Kikuu cha Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska. Mwaka 1995, mahali palipokuwa na mifupa ya dinosaria mkubwa mla majani, waliona mifupa midogo.

Mifupa midogo hupotea upesi. Pigo moja la sururu lingeisaga. Lakini hao walichimba kwa zana ndogo na brashi, polepole, kama mtu anayepalilia miche michanga. Wakapata mifupa ya miguu ya nyuma, nyonga, sehemu ya uti wa mgongo, sehemu ya mkia, na vipande vya bega na mkono. Kichwa hakikuonekana.

Mwaka 1998 wataalamu wanne walitangaza mnyama huyo. Nao ni Catherine Forster, Scott Sampson, Luis Chiappe na David Krause. Walimwita Rahona, neno la Kimalagasi lenye maana ya wingu au tishio. Lakini ikaonekana kwamba jina hilo walishapewa nondo fulani, wale vipepeo wa usiku. Wanyama wa aina mbili hawaruhusiwi kuwa na jina moja katika vitabu vya sayansi. Mwaka huohuo jina likabadilishwa kuwa Rahonavis. Lisome polepole: Ra-ho-na-vis. Kipande cha mwisho kinatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ndege. Jina lake la pili ni ostromi, kwa heshima ya John Ostrom, Mmarekani aliyefundisha kwamba ndege wametokana na dinosaria.

Vinundu sita

Sasa lete lile bawa la kuku. Ondoa nyama, uoshe mifupa. Katikati ya kiwiko na kifundo utaona mifupa miwili iliyokaa sambamba. Mmoja ni mwembamba, mwingine ni mnene. Hata wewe unayo miwili ya namna hiyo katika kigasha chako.

Manyoya marefu ya sehemu hiyo ya bawa yameshikwa kwenye ule mfupa mnene. Kano ngumu huyafunga hapo, kama kamba inavyofunga boriti kwenye nguzo. Ndiyo maana yule mama alivuta kwa nguvu. Ndege anapopiga mabawa, hewa husukuma manyoya hayo kwa nguvu kubwa. Yasingefungwa vizuri, yangeng'oka.

Kwa ndege wengine, mahali pa kila unyoya mfupa huota kinundu kidogo. Vinundu hivyo hujipanga mstari mmoja kwa nafasi zinazolingana, kama mashimo ya mahindi yaliyopimwa kwa kamba. Kwa njiwa huonekana vizuri. Kwa kuku huwa hafifu. Kwa ndege wengine havionekani kabisa.

Wataalamu walipotazama mfupa mnene wa kigasha cha Rahonavis waliona vinundu sita. Vilijipanga mstari mmoja. Basi wakajua kwamba mnyama huyu alikuwa na manyoya marefu mkononi. Manyoya yenyewe yalikwisha kuoza. Hakuna hata moja lililobaki. Lakini alama za mahali yalipofungwa zilibaki kwenye jiwe. Kwa kupima nafasi kati ya vinundu, walikadiria kwamba sehemu hiyo ya mkono ilikuwa na manyoya makubwa kama kumi.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Ukiona nyayo za ng'ombe shambani, unajua ng'ombe amepita. Lakini usipoona nyayo, usiseme haraka kwamba hakupita. Pengine ardhi ilikuwa ngumu. Ndivyo ilivyo kwa vinundu. Vikiwapo, manyoya yalikuwapo. Visipokuwapo, bado hatuwezi kukataa.

Kucha kama mundu

Mnyama mwenyewe alikuwa na ukubwa wa kunguru mkubwa. Pamoja na mkia, urefu wake ulikuwa kama sentimita 70.

Tazama sasa mguu wa kuku wako. Kucha zake ni fupi, za kuchakuria. Rahonavis alikuwa na kucha moja tofauti na nyingine. Katika kidole cha pili cha kila mguu ilikuwapo kucha kubwa iliyopinda kama mundu. Dinosaria wengine walao nyama walikuwa na kucha ya namna hiyo. Kidole hicho waliweza kukiinua ili kucha isiguse chini wakati wa kutembea. Hivyo haikuwa butu.

Tazama pia mkia. Mkia wa kuku unaonekana mrefu, lakini ukimnyonyoa unabaki ule mnofu mfupi. Rahonavis alikuwa na mkia mrefu wa mifupa, kama mjusi.

Basi alikuwa na mkono wenye manyoya kama ndege, na mkia na kucha kama dinosaria. Hapo ubishi ukaanza.

Ndege au dinosaria?

Walipomtangaza mwaka 1998, wataalamu wale wanne walisema ni ndege wa kale. Wengine wakashuku. Walisema, "Pengine mmechanganya wanyama wawili. Mkono ni wa ndege, miguu ni ya dinosaria mdogo." Shaka hiyo haikuwa ya kijinga. Katika eneo hilohilo ndege mwingine wa kale alikwisha kupatikana. Alipewa jina la Vorona mwaka 1996, yaani ndege kwa Kimalagasi.

Wachimbaji walijibuje? Walikumbusha namna mifupa ilivyokuwa imelala ardhini. Yote ilikuwa pamoja, katika nafasi ndogo kuliko ukurasa mmoja wa karatasi ya barua. Vipande vyote vilikuwa vya mnyama wa kimo kimoja. Si rahisi wanyama wawili wa kimo kimoja wafie mahali padogo namna hiyo, na kila mmoja aache sehemu ambazo mwenzake hana.

Ndugu msomaji, pima jibu hilo. Nguvu yake haikutoka katika mifupa peke yake. Ilitoka katika mahali mifupa ilipokuwa. Kama mtu angeiokota kabla yao, akaitia mfukoni na kuileta mjini, ubishi usingeweza kujibiwa.

Wewe uliyejifunza kusoma unalijua jambo hili. Chukua herufi hizi: M, A, J, I. Zikikaa kwa utaratibu, zinatupa maji. Zikichanganywa ovyo, zinaweza zisitupe neno lolote. Herufi ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali pake. Mfupa uliohamishwa ovyo ni kama herufi iliyong'olewa katika neno.

Ubishi wa pili ulihusu ukoo. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza dinosaria mwingine mdogo aliyepatikana Argentina, Amerika ya Kusini. Jina lake ni Buitreraptor. Walipomlinganisha na Rahonavis, waliona wanafanana sana. Wakasema Rahonavis si ndege, bali ni dinosaria wa ukoo mmoja na yule wa Argentina. Wengi waliafiki. Hata hivyo wengine wameendelea kumweka upande wa ndege.

Ubishi wa tatu ni kama aliweza kuruka. Mfupa wake wa kigasha ni mkubwa na manyoya yalikuwa imara. Kwa hiyo wapo wanaosema aliruka, ingawa hakuwa hodari kama njiwa. Wapo waliosema bega lake halikumruhusu kupiga mabawa vizuri. Mwaka 2020 utafiti mmoja ulipima uzito wa wanyama hao na ukubwa wa mabawa yao. Ulimweka Rahonavis kati ya wale wachache waliokuwa na uwezo wa kuruka.

Usishangae kwamba wasomi wanabishana. Wazee wakikaa kuamua mpaka wa shamba, kila mmoja huleta ushahidi wake. Ushahidi mpya ukija, uamuzi hutazamwa upya. Jambo moja halina ubishi mkubwa tena: ndege wa leo ni uzao wa dinosaria wadogo wenye manyoya. Kuku wako ni wa ukoo huo. Ndiyo sababu watu walishindwa kumweka Rahonavis upande mmoja. Aliishi karibu na mpaka.

Nchi ya ukame

Mkulima atauliza, nchi ilikuwaje wakati ule? Mawe ya Berivotra yanaonyesha kwamba ilikuwa nchi ya joto na ukame, yenye msimu wa mvua na kiangazi kirefu. Madagaska ilikuwa tayari kisiwa. Kiangazi mito ilikauka. Wanyama walikusanyika mahali palipobaki maji, na wengi walifia hapo. Mvua ziliponyesha, matope mazito yaliteremka mtoni na kufunika mizoga.

Palikuwa na dinosaria mkubwa mla nyama, Majungasaurus, mwenye urefu wa mita 6 hadi 7. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba alikula hata wa aina yake. Alama za meno yake zilionekana kwenye mifupa ya wenzake. Kwa mnyama wa kimo cha kunguru, hiyo haikuwa nchi ya kutembea ovyo.

Shule ya Berivotra

Sasa nataka tuwatazame watu. Wataalamu walipokuwa wakichimba, walipiga kambi karibu na wanakijiji wa Berivotra. Waliona kwamba watoto wa kijiji hawakuwa na shule. Watoto waliishi juu ya vilima ambavyo habari zake zinasomwa duniani kote, lakini wao wenyewe hawakuweza kusoma.

Mwaka 1998, mwaka uleule Rahonavis alipotangazwa, David Krause alianzisha mfuko wa msaada. Uliitwa Ankizy, yaani watoto kwa Kimalagasi. Mfuko huo ulisaidia kujenga shule Berivotra na kupeleka huduma za afya vijijini. Nayo mifupa ya Rahonavis imesajiliwa kwa jina la Chuo Kikuu cha Antananarivo. Ni mali ya Madagaska.

Na kwetu je?

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aliona mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru, Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo. Mamia ya Waafrika walifanya kazi hiyo, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Mmoja wa dinosaria hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin.

Lakini Tendaguru haikuwa mwisho. Mwaka 2004 mifupa mingine ilianza kuchimbwa kando ya mto Mtuka, kusini-magharibi mwa nchi yetu. Mwaka 2019 dinosaria huyo alipewa jina la Kiswahili: Mnyamawamtuka. Huyo alikuwa mkubwa, mla majani. Nani ajuaye kama katika makorongo yetu hamna wadogo pia?

Kwa hiyo, ukilima au ukichimba kisima ukaona kitu kizito kama jiwe chenye umbo la mfupa, fanya hivi:

1. Acha kuchimba mahali hapo.
2. Usikivunje, usikikwangue, usikihamishe.
3. Weka alama ya kijiti au mawe ili upajue.
4. Watoto wasikichezee.
5. Mwambie mwenyekiti wa kijiji au mwalimu, ili habari ifike kwa watu wa Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa.
6. Usimuuzie mtu anayepita na gari akitaka mifupa.

Usidharau kipande kidogo. Vinundu sita juu ya mfupa mmoja vilitosha kubadili mawazo ya watu wengi.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza habari hizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia jikoni, akatoka na mfupa wa bawa uliooshwa vizuri. Alipitisha ukucha wake juu ya mfupa, taratibu, akitafuta vinundu. Akasema, "Vya kuku ni hafifu kweli. Nitangoja tupate njiwa."

Maswali ya kujadiliana

1. Wataalamu walijuaje kwamba Rahonavis alikuwa na manyoya, na manyoya yalikwisha kuoza?
2. Kwa nini ni muhimu kujua mahali mfupa ulipolala ardhini?
3. Watoto wa Berivotra walipata faida gani kutokana na kazi ya wachimbaji?
4. Je, katika kijiji chenu pana makorongo yenye mifupa au mawe ya ajabu? Mtayalinda vipi?

Maneno mapya

Dinosaria: wanyama wa kale walioishi kabla ya binadamu.
Kigasha: sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo.
Kinundu: uvimbe mdogo mgumu.
Visukuku: mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe.